Bomba la majitaka limetoboka tena: pima kwanza, kiraka baadaye

Swali la msomaji:

"Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye mtambo wa kuchakata majitaka wa mji mmoja wa pwani, Tanzania. Bomba letu la chuma la inchi 12, linalotoa majitaka kwenye pampu hadi chemba ya mapokezi, lina urefu wa mita 80 hivi na umri wa miaka 12. Tangu masika limetoboka mara tatu: mara mbili juu mgongoni, pale linapofikia kimo chake cha mwisho kabla ya kuteremkia chembani, na mara moja kwenye kiwiko karibu na pampu. Tunachomelea kiraka, kisha linavuja pembeni ya kiraka. Zege la chemba nalo linamenyeka, ukiligusa ni laini. Meneja anataka bomba lote libadilishwe, uhasibu unasema tufunge klampu. Nitajuaje sehemu ipi ibaki, ipi itengenezwe na ipi itolewe?"

Jibu:

Ndugu fundi,

Nianze na kiraka, maana ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko tobo lenyewe. Bomba linaloliwa kutoka ndani linapochomelewa, moto unawekwa juu ya chuma ambacho hakuna anayejua unene wake. Tobo unaliona mahali pamoja, lakini chuma kilichokonda kimelizunguka, pengine nusu mita kila upande. Joto likifika hapo linakitoboa chuma hicho, na rangi au lami ya ndani, kama bado ipo, inaungua. Ndiyo maana linavuja pembeni ya kiraka. Tena ndani ya bomba hilo mna methani inayoshika moto na gesi ya haidrojeni salfaidi inayoua. Nakuomba msimamishe uchomeleaji wowote kwenye bomba hilo mpaka mmepima.

Meneja wako na watu wa uhasibu wanabishana bila namba, na namba inayotakiwa ni moja: ni milimita ngapi za chuma zimebaki, wapi. Ukiwa nayo, mabishano yanakwisha kwa nusu saa. Lakini hata kabla ya kupima, maelezo yako yamenionyesha kitu muhimu, kwamba mna magonjwa mawili kwenye bomba moja. La mgongoni na la kwenye kiwiko hayana sababu moja, na hayatatibiwa kwa dawa moja.

Matobo ya mgongoni ni kazi ya asidi. Majitaka ya mjini yana salfeti, aina ya chumvi yenye salfa. Chini ya ute unaotanda ndani ya mabomba na kwenye tope lililotuama hakuna oksijeni, na bakteria wa huko hutumia salfeti mahali pa oksijeni, wakatoa salfaidi. Maji yanapoporomoka au kuchafuka, salfaidi hiyo huchomoka kama gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza. Gesi huingia kwenye unyevu uliotanda juu ya ukuta ambao maji hayaufikii, na hapo bakteria wa aina nyingine, wanaohitaji hewa, huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Mtafiti C. D. Parker wa Melbourne, Australia, ndiye aliyeonyesha mwaka 1945 kwamba viumbe hawa ndio wanaolila zege la mifereji ya majitaka. Unyevu huo unaweza kuwa na pH ya 1, yaani asidi kali kabisa. Kwa hiyo usishangae kwamba sehemu isiyoguswa na maji ndiyo iliyooza, na tumbo la bomba, linalooshwa na majitaka kila saa, bado ni zima.

Sasa angalia mahali penyewe: kimo cha mwisho cha bomba, kisha mteremko wa kuingia chembani. Hapo ndipo hewa hujikusanya. Bila shaka kuna vali ya kutoa hewa, au ilipaswa kuwepo. Vali za hewa kwenye majitaka huziba kwa mafuta ya jikoni na nyuzi za matambara, na mara nyingi hakuna anayezikumbuka kwa sababu hazivuji wala hazipigi kelele. Vali ikiziba, mfuko wa hewa hubaki juu ya bomba siku zote, gesi hujaa humo, na mgongo unaliwa. Kwenye mteremko, bomba halijai, maji yanakimbia chini na gesi inatawala juu. Naamini ukipima utakuta chuma kimekonda kuanzia kabla kidogo ya kilele hadi kwenye chemba, na kwamba sehemu kubwa ya mita 80 hizo haina tatizo hilo.

Kiwiko ni jambo jingine. Kiko karibu na pampu, bomba limejaa, hakuna hewa. Kama tobo lilikuwa upande wa nje wa kona, huo ni mchanga. Majitaka yenu bado hayajapita kwenye kitengo cha kuondolea mchanga, na wakati wa masika maji ya mvua huingia kwenye mtandao kupitia chemba zenye mifuniko mibovu, yakaja na mchanga wa barabarani. Kila chembe inapiga upande wa nje wa kona, inakwangua kutu laini, inaacha chuma kipya, kinashika kutu tena, kinakwanguliwa tena. Tazama kile kipande ulichokata, kama bado unacho. Ukuta ulioliwa na mchanga huwa laini na una mawimbi yanayofuata mwelekeo wa maji, hali ulioliwa na asidi huwa na mashimo na magamba yanayotoka kwa kucha. Tafadhali usitupe vipande vya namna hiyo. Andika tarehe na mahali, viweke stoo.

Kabla hujapanda ngazi na kipimo, usalama. Sizungumzii jambo la kujaza fomu. Katika miji yetu watu wamekufa kwenye chemba na mashimo ya choo wakifuatana: wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, wa tatu anamfuata. Harufu ya haidrojeni salfaidi unaisikia hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni, lakini ikifika kama 100 pua inakufa ganzi na unadhani imeondoka. Ikipita 500 mtu anaweza kupoteza fahamu kwa pumzi chache. Ni nzito kuliko hewa, hulala chini ya chemba. Kwa hiyo pua si kipimo. Lazima pawe na kifaa cha gesi nne kinachopima oksijeni, haidrojeni salfaidi, kaboni monoksaidi na gesi zinazowaka, kikishushwa kwa kamba kabla ya mtu, kisha kikavaliwa na mtu huyo muda wote. Salfaidi ikifika 10 kwa milioni, au oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, watu watoke. Juu pabaki mtu asiyeondoka, na mshuka awe na mkanda wa mwili, kamba na tripodi ya kumvuta bila mtu mwingine kushuka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake, kwa hiyo ukidai vifaa hivi hauombi hisani.

Kupima sasa. Kifaa mnachohitaji ni kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti. Unakibandika nje ya bomba, kinatuma sauti ndani ya chuma, na kwa muda sauti inaotumia kwenda na kurudi kinakokotoa unene. Chagua chenye kichwa cha vipande viwili, kimoja cha kutuma na kingine cha kupokea, maana hicho ndicho kinachosoma vizuri ukuta wenye mashimo. Kama mamlaka yenu haina, kampuni zinazokagua matangi ya mafuta na boila hufanya kazi hii, na kukodi siku chache ni nafuu mno kuliko kununua mita 80 za bomba kwa kubahatisha.

Kifaa hicho hudanganya kwa njia tatu, na kila moja imewahi kumfanya mkaguzi aandike kwamba bomba lililokonda ni zima. Ya kwanza ni rangi. Sauti hupita polepole kwenye rangi kuliko kwenye chuma, hivyo milimita 1 ya rangi inaweza kuhesabiwa kama milimita 2 hadi 3 za chuma. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, au tumia kifaa chenye uwezo wa kuiruka. Ya pili ni mwendo wa sauti wenyewe. Kwenye chuma cha kawaida sauti huenda karibu mita 5,900 kwa sekunde, kwenye chuma cha kusubu (cast iron) huenda polepole zaidi na hubadilika kutegemea kilivyosubiwa. Rekebisha kifaa kwenye kipande cha chuma cha aina ileile unachokijua unene, asubuhi na kila ukibadilisha kichwa. Ya tatu ndiyo ya hatari zaidi: ukuta ukikonda hadi karibu milimita 1, kifaa kinaweza kusoma mara mbili ya unene halisi. Ukikuta namba zinashuka 3.1, 2.4, 1.7, 1.2, halafu ghafla 2.2, usifurahi. Gonga hapo kwa nyundo ndogo, taratibu, pampu zikiwa zimezimwa.

Kwa kuwa nimetaja chuma cha kusubu: mkiwa na vali au mabomba ya zamani ya aina hiyo, tahadhari. Chuma chenyewe kinaweza kuyeyuka kikaacha kiunzi cha grafiti chenye umbo na unene uleule, rangi nyeusi, na bomba likaonekana kana kwamba halijaguswa. Kisu kikizama au nyundo ikitoa mlio mfu badala ya mlio wa kengele, bomba hilo limekwisha hata kama lina sura nzuri.

Mpango wa kupima uwe hivi. Simama ukilitazama bomba kwa mwelekeo wa maji, lifikirie kama uso wa saa, namba 12 ikiwa juu mgongoni na 6 ikiwa chini tumboni. Pima saa 12, saa 3, saa 6 na saa 9 kila baada ya mita 2 kwa urefu wote. Hiyo inakupa picha ya jumla kwa siku moja au mbili. Kisha kaza pale penye mashaka: kuanzia mita 3 kabla ya kilele hadi chembani, chora gridi ya sentimita 10 kwenye mgongo, kati ya saa 10 na saa 2, na pima kila kisanduku. Kwenye viwiko vyote, siyo kile kilichotoboka tu, pima upande wa nje kwa gridi ya sentimita 5. Halafu kuna mahali ambapo watu hawapimi: chini ya mikanda na vishikizo vinavyobeba bomba, ambako maji ya mvua na chumvi hukaa, na pale bomba linapopenya ukuta wa zege. Kama chuma cha bomba kimegusana na nondo, umeme mdogo hupita kati yao: nondo zilizolindwa na saruji hazidhuriki, na bomba lililo nje ya ukuta ndilo linaloliwa. Nimekuta bomba zima kila mahali, limebaki ganda tu sentimita chache kutoka ukutani. Weka alama za rangi kwenye kila pointi ili mwakani upime palepale.

Ukishapata namba, hesabu. Bomba la inchi 12 lina kipenyo cha nje cha milimita 323.9, na tuseme lilitoka kiwandani na unene wa 6.4. Presha yenu ya kazi siijui, kwa hiyo nachukua bar 3 kama mfano. Umeme ukikatika, maji hugeuka kurudi na vali ya kuzuia kurudi inabamiza. Kila nusu mita kwa sekunde ya mwendo unaosimamishwa ghafla kwenye bomba kama hilo huongeza karibu bar 6, kwa hiyo hesabia bar 9, yaani megapaskali 0.9. Unene unaohitajika kwa presha ni presha mara kipenyo, gawanya kwa mara mbili ya mkazo unaoruhusu chuma kibebe. Nikiruhusu megapaskali 100, napata 0.9 mara 323.9 gawanya kwa 200, sawa na milimita 1.5 hivi.

Mtu akiishia hapo ataacha bomba lenye milimita 2 likiendelea kufanya kazi, na ni kosa. Bomba hilo likijaa maji lina uzito wa karibu kilo 125 kwa kila mita. Kati ya vishikizo viwili vilivyoachana mita 4 mna nusu tani inayoning'inia, na watu wanalikanyaga wakipita, na pampu inalitikisa. Kwa ukubwa huu mimi sikubali chini ya milimita 3 mahali popote, hata kama hesabu ya presha inaridhika na nusu yake.

Kasi ya kuliwa nayo inahitaji uangalifu. Tuseme pointi iliyokonda kuliko zote kwenye sehemu ambayo haijatoboka inasoma 4.0. Toka 6.4 hadi 4.0 kwa miaka 12 ni milimita 0.2 kwa mwaka, na imebaki 1.0 juu ya kiwango chetu, kwa hiyo miaka 5. Lakini viwanda vinaruhusiwa kutoa bomba lililopungua asilimia 12.5 ya unene ulioandikwa, hivyo huenda lilianza na 5.6, na kasi halisi ni 0.13. Au huenda rangi ya ndani ililinda chuma miaka 6 ya kwanza na yote yameliwa katika 6 iliyofuata, kasi ikawa 0.4 na muda uliobaki miaka 2 na nusu. Kipimo kimoja hakiwezi kukuambia lipi ni kweli. Chukua lile baya, panga kwa hilo, na baada ya mwaka mmoja pima tena kwenye alama zilezile. Msitegemee kipimo cha baada ya mwezi, maana kifaa chenyewe kina shaka ya 0.1 hivi. Kanuni ya API 570, iliyoandikwa kwa ajili ya mabomba ya viwanda vya mafuta na kemikali, inataka ukaguzi unaofuata usipite nusu ya maisha yaliyobaki, na naona inatufaa sisi wa majitaka vilevile.

Kwa bomba lenu basi, na nasema haya nikisubiri namba zako: sehemu yenye 4.5 na zaidi ibaki, isafishwe na kupakwa rangi nje. Iliyo kati ya 3 na 4.5 inaweza kuimarishwa huku ikipimwa kila mwaka. Iliyo chini ya 3 ikatwe. Nadhani mtakata mita kadhaa kuzunguka kilele na mteremko, pamoja na kiwiko kimoja au viwili, na mita 80 nzima hazitahitajika.

Klampu nazo zina nafasi yake. Klampu ya chuma cha pua (kile kisichoshika kutu, stainless) inayolizunguka bomba lote, yenye mpira ndani, ni kitu kizuri kuwa nacho stoo kwa ajili ya usiku ambao bomba linatapika majitaka uani. Lakini lazima ishike chuma kizima pande zote mbili za tobo, na haizuii hata kidogo kinachoendelea ndani. Kila klampu iandikiwe tarehe ya kufungwa na tarehe ya kuondolewa, isipite miezi michache. Klampu isiyo na tarehe huzeeka pale mpaka ile ya pili na ya tatu zinafungwa pembeni yake.

Kuna pia kufunga bomba kwa kitambaa cha nyuzi za kioo au kaboni na gundi ya epoksi. Si bandeji ya dukani. Ina viwango vyake, ISO 24817 na ASME PCC-2, na mtengenezaji lazima atoe hesabu ya tabaka ngapi kwa presha gani na kwa miaka mingapi. Ikifanywa sawasawa hudumu miaka mingi kwenye ukuta uliokonda lakini haujatoboka. Inashindwa kwa sababu moja kubwa, nayo ni usafi wa chuma. Kwenu pwani chumvi hutua juu ya chuma saa ileile mnapomaliza kupiga mchanga, yaani kukisafisha kwa mchanga unaorushwa kwa hewa ya nguvu. Oshweni kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla na baada, na mpake siku hiyohiyo, chuma kikiwa na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutua. Asubuhi na mapema pwani hali hiyo haipatikani; ngojeni jua lipande. Na kwa mgongo unaoliwa na asidi kutoka ndani, kitambaa kinabeba presha lakini chuma kitaendelea kuliwa chini yake mpaka kitambaa kibaki peke yake, kwa hiyo kikokotolewe tangu mwanzo kana kwamba chuma hakipo.

Kwa kipande cha kilele na mteremko mimi ningeweka bomba la daktaili (chuma cha kusubu kisichovunjika kirahisi) la kiwango cha EN 598, ambalo limetengenezwa mahsusi kwa majitaka na limepakwa ndani saruji ya kalsiamu aluminati inayostahimili asidi kuliko saruji ya kawaida. Plastiki ya HDPE haiogopi asidi hii kabisa, na ingekuwa chaguo langu la kwanza kama bomba lingekuwa limefukiwa. Lenu liko juani. HDPE hurefuka karibu milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto, na mita 80 kwa tofauti ya nyuzi 20 zinavutana karibu sentimita 30. Kwa kipande kifupi chenye vishikizo vilivyopangwa vizuri inawezekana. Kwa bomba lote la juu ya ardhi ni kujitafutia kazi. Chuma cha pua cha daraja la 304 pwani nisingekitumia. Kama ni lazima, kiwe 316.

Kiwiko kitafutiwe chenye kona pana na ukuta mnene. Hiyo inawanunulia muda, lakini dawa yake ni mchanga kupungua: kusafisha kisima cha pampu kabla ya masika na kuziba mifuniko ya chemba mjini. Na jihadharini na jambo hili mnapounganisha kipya na cha zamani: chuma kipya kikigusana na cha zamani ndani ya maji au udongo wenye chumvi, kipya ndicho kinacholiwa haraka. Flenji za kuungania ziwe na gasketi na mikono ya plastiki kwenye boliti, ili ule umeme mdogo unaosababisha kuliwa usipite kati ya vyuma viwili. Boliti za chuma cha kawaida msizitie kwenye flenji za chuma cha pua, zitaliwa zikakatika.

Chemba ya mapokezi usiiache iwe ya mwisho, maana bomba likivuja unafunga vali, lakini slabu ya chemba ikidondoka huna pa kupeleka majitaka ya mji. Ule ulaini ni zege lililogeuka jasi. Likatwe kwa patasi au maji ya presha kali hadi kwenye zege gumu, kisha likipuliziwa fenolftaleini, dawa inayoonyesha kama zege halijaingiwa na asidi, ligeuke waridi. Lisipogeuka, endelea kukata. Ukifikia nondo zilizoshika kutu, pita nyuma yake sentimita 2 na nusu ili chokaa jipya (mchanganyiko wa saruji na mchanga) lizizunguke, na zile zilizopungua sana ziongezewe nyingine. Rudishia kwa chokaa la saruji ya kalsiamu aluminati, kisha epoksi ya majitaka au, bora zaidi, karatasi nzito za HDPE zenye meno yanayoshika zege. Plasta ya saruji ya kawaida juu ya jasi itaanguka yote, na imeanguka kwenye chemba nyingi tu. Kazi hii inahitaji majitaka yapitishwe pembeni kwa pampu za muda, na pampu hizo ziwe na ya akiba na jenereta, kwa sababu mji haufungi vyoo ukisubiri mafundi.

Haya yote yatarudi kama chanzo kitabaki. Fungueni vali ya hewa wiki hii. Ni kazi ya saa chache, fundi akiwa na kipimo cha gesi mwilini. Iwe kwenye ratiba kila mwezi. Halafu chunguzeni maji ya bahari. Bahari ina salfeti karibu miligramu 2,700 kwa lita, hali majitaka ya kawaida yana makumi tu, kwa hiyo hata mchirizi mdogo unaoingia kwenye mabomba yaliyopasuka karibu na ufuko unawalisha bakteria kupita kiasi. Pimeni kloraidi, ambayo ni alama ya chumvi ya bahari, kwenye mapokezi wakati wa bamvua maji yakijaa, kisha wakati wa maji mafu. Tofauti ikiwa kubwa, mnajua pa kutafuta. Joto nalo halitusaidii: majitaka ya nyuzi 28 hutengeneza salfaidi kama mara mbili ya yale ya nyuzi 18, ndiyo sababu miongozo iliyoandikwa kwa nchi za baridi hutuahidi miaka mingi kuliko tunayopata. Ikibidi, kalsiamu naitreti au chumvi za chuma hutiwa kwenye kisima cha pampu kuzuia au kushika salfaidi, lakini ni gharama ya kila siku, na mabomba ya hizo chumvi za chuma lazima yawe ya plastiki kwa kuwa hata chuma cha pua zinakila.

Mwisho, kabla hujaagiza vipande. Zungushia utepe kwenye bomba na ugawe kwa 3.1416 upate kipenyo cha nje, maana "inchi 12" si kitu kimoja: la chuma ni 323.9, la daktaili ni 326, la HDPE linalolingana nalo ni 315, na kila moja linataka koplingi yake. Flenji zake msizihesabu matundu mkaridhika. Ya daraja la presha la PN10, ya PN16 na ya Kimarekani ya daraja la 150, zote kwa ukubwa huu zina matundu 12, lakini duara la matundu ni milimita 400 kwa ya kwanza, 410 kwa ya pili na 432 kwa ya tatu. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo, mara mbili, na andika namba hiyo kwenye hati ya kuagizia.